Shajara ya karanga: kutafuta urithikaji wa uzito wa punje, Mtama, Lindi

14 Januari 2023. Kupanda, na kwa nini

Novemba iliyopita nilikaa kwenye semina ya mbegu. Ubaoni paliandikwa kwamba urithikaji wa uzito wa punje za karanga, yaani sehemu ya tofauti za uzito huo inayotokana na urithi, ni 0.6. Jirani yangu wa kiti akaninong'oneza: "Maana yake sitini mbegu, arobaini mbolea." Mtoa mada alimsikia, akatikisa kichwa kukubali, tukaenda kula.

Mimi ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha korosho. Namba ambayo sijui imepimwaje huwa inaninyima usingizi. Nimeamua kuipima mwenyewe, na ninaandika hapa ili anayetaka kurudia asipite kwenye mashimo yangu.

Mfano wa kuiga ni wa Mwingereza Francis Galton. Mwaka 1875 aliwagawia marafiki zake saba mbegu za njegere za maua, kila rafiki saizi saba, kila saizi mbegu kumi. Waliporudisha mavuno, aliona kwamba watoto wa mbegu kubwa wanazidi wastani, ila si kwa kiasi kile mama zao walivyozidi. Kilichobaki kilikuwa kama theluthi moja ya tofauti ya mama.

Nimechagua karanga kwa sababu ua lake hujichavusha lenyewe, mara nyingi hata kabla halijafunguka, na punje moja ina karibu nusu gramu, kwa hiyo mizani ya sonara inaisoma. Isitoshe, ni zao la kwetu. Nachingwea iko mkoa wetu huu huu, na wazee bado wanausimulia ule mradi wa karanga wa Waingereza wa 1947 uliofutwa 1951.

Nimenunua kilo mbili za mbegu ya mchanganyiko gulioni Nyangao: nyekundu, za rangi ya maziwa, ndefu, za mviringo, zote kwenye kopo moja. Sh 7,000. Mizani ya sonara, Sh 28,000. Nimepima punje moja moja, nikachagua 90: kubwa 30, za kati 30, ndogo 30. Nimepanda mstari kwa mstari, kubwa upande wa juu, ndogo upande wa chini.

6 Mei 2023. Mavuno ya kwanza, yote ya kutupa

Namba zilipotoka nilifurahi kupita kiasi. Nilipochora uzito wa punje ya mama dhidi ya wastani wa punje za shina lililotoka kwake, mteremko wa mstari ulikuwa 0.9. Yaani karibu tofauti yote ya mama imehamia kwa mtoto.

Kisha nikamkumbuka kijana aliyenisaidia kupalilia. Wakati ule aliniuliza kwa nini upande wa juu majani yana kijani cha kukoza hivyo. Nilimjibu kwamba ni mbegu kubwa. Leo nimekwenda kusimama palepale na nimeona nilichopaswa kukiona Januari: upande wa juu una kichuguu cha zamani kilichosawazishwa. Ule udongo ni mtamu. Mbegu kubwa zote nilizipa kichuguu, ndogo zote nikazipa mchanga.

Sasa siwezi kutenganisha. Punje za juu ni kubwa kwa sababu ya mama zao, au kwa sababu ya kichuguu, au kwa vyote viwili, na hakuna hesabu duniani itakayonijibu kwa data hizi. Msimu mzima umekwenda. Hasara: kibarua wa palizi Sh 15,000 na miezi minne.

10 Juni 2023. Bondeni, safari hii kwa bahati nasibu

Nimehamia bondeni karibu na mto Lukuledi, ambako unyevu unabaki na kisima cha kuchimba kwa mkono kiko hatua thelathini. Nimepima punje nyingine 90 kutoka kopo lile lile. Kila punje nimeipa namba, namba nimeziandika kwenye vikaratasi, vikaratasi nimevitia kwenye kofia, na mwanangu amevitoa kimoja kimoja kupanga nani akae wapi. Kitalu nimekikata vipande vitatu, kila kipande kina kubwa, za kati na ndogo. Kama kuna kichuguu kingine kimejificha, kitawapendelea wote sawa.

Lebo: nilikata chupa za maji na kuandika kwa kalamu ya wino mzito. Usiige. Endelea kusoma.

8 Oktoba 2023. Namba iliyonishusha

Mashina 72 yamefika mwisho. Mengine yameliwa na panya, na lebo kadhaa zimegeuka vipande vyeupe vya plastiki kwa sababu jua limekula wino. Kuanzia sasa ninakata makopo ya soda na kukwaruza namba kwa msumari. Hazifutiki.

Mteremko ni 0.17.

Kutoka 0.9 hadi 0.17. Wiki nzima nilidhani nimekosea kujumlisha. Jibu nimelipata jikoni. Mke wangu alikuwa anabambua karanga za kukaanga, nami nikaokota ganda moja la punje mbili nikalitia kwenye mizani, punje hii kisha ile: gramu 0.52 na 0.39. Ganda moja, shina moja, mama mmoja. Nikachukua maganda kumi ya shina lile lile. Ilikuwa vivyo hivyo: punje ya shingoni ina uzito wake, ya nchani wake, na zile ambazo hazijakomaa vizuri zimekunjamana.

Kumbe nilipochagua "punje kubwa" kwenye kopo nilikuwa nachagua kwa sehemu kubwa punje zilizobahatika kukaa mahali pazuri ndani ya ganda. Bahati hiyo hairithiwi. Kila kelele, yaani tofauti ya bahati tu, ninayoiingiza kwenye kipimo cha mama inavuta mteremko kushuka, ingawa mbegu haijabadilika hata kidogo.

Dawa ni kuacha kupima punje moja na kupima shina. Kutoka kila shina ninachukua punje 20 zilizokomaa, ninazipima kwa pamoja na kugawanya. Bahati ya punje moja moja inajifuta ndani ya wastani. Kwa hiyo "urithikaji wa uzito wa punje" tayari una majibu mawili, kutegemea kama unapima punje au unapima shina, na kwenye ule ubao wa semina hatukuambiwa ni upi.

Hayo mashina 72 sasa ndiyo mama zangu. Wastani wao ni gramu 0.41. Nimeyapima usiku, kwa sababu mchana korosho zinaingia ghalani. Zima feni unapopima. Upepo mdogo tu unaongeza au kupunguza sehemu mbili za mia za gramu.

12 Januari 2024. Kupanda koo 60

Mama 60, kila mmoja punje 10, jumla 600. Watoto wa mama mmoja nawaita ukoo. Kila mama nimegawa watoto wake vipande viwili vya shamba, tano huku na tano kule, nafasi kwa kofia kama kawaida. Bahasha za kaki 100, Sh 10,000. Kibarua Sh 20,000.

22 Mei 2024. Maji, barabara na kitabu cha ng'ombe

Masika haya hayakuwa na huruma. Mwishoni mwa Aprili nilikwenda Dar kumuuguza dada yangu. Tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kikafika, barabara ikakatika Somanga, na mimi nikabaki Mbagala nahesabu siku huku karanga zikiwa ardhini. Karanga zetu hizi fupi hazina usingizi: zikikomaa na udongo ukiwa na maji, punje inaota humo humo ndani ya ganda. Niliporudi nilikuta koo 16 zimechipua vibaya, hazipimiki. Tatu nyingine nimezipoteza kwa zile lebo za plastiki zilizokuwa zimesalia. Zimebaki koo 41.

Anayetaka kunifuata apange mtu wa kung'oa kabla hajasafiri. Karanga iliyokomaa haisubiri mwenye mradi.

Mteremko kwa koo 41, wastani wa watoto juu ya wastani wa mama, umetoka 0.54. Kosa la makadirio ni 0.11, yaani siwezi kubishana na mtu anayesema 0.4, wala na anayesema 0.65.

Sasa aibu. Kitabu nilichoazima kinasema ukipima mzazi mmoja tu, zidisha mteremko mara mbili. Nikazidisha: 1.08. Nikaandika kwenye daftari, nikapiga mstari chini, nikafunga. Nilikuwa nimelala ndipo ikanijia: urithikaji ni sehemu ya tofauti yote. Sehemu haiwezi kuzidi kitu chenyewe. Ni sawa na kuandika stakabadhi kwamba gunia la kilo 80 limetoa korosho safi kilo 86. Karani anayeandika hivyo anafukuzwa.

Asubuhi nikasoma jalada. Kitabu ni cha ufugaji wa ng'ombe. Ndama anachukua nusu kwa mama na nusu kwa dume. Ukimpima mama peke yake umeona nusu ya urithi, ndiyo maana unazidisha. Karanga iliyojichavusha haina dume mwingine. Mama ndiye baba. Urithi wote umepita kwenye shina moja, na mteremko unasomwa kama ulivyo. Ni 0.54, basi.

Nilichokuwa nimekipata maana yake hii: mama aliyezidi wastani kwa gramu 0.10, watoto wake kwa makadirio watazidi wastani kwa gramu 0.054. Tofauti iliyobaki ilikuwa ya shimo alilokaa, maji aliyopata, panya waliompitia mbali. Haisemi kwamba katika punje ya nusu gramu, gramu 0.27 zimetengenezwa na mbegu na 0.23 na udongo. Ng'oa udongo wote uone kama utapata punje ya gramu 0.27. Namba inahusu tofauti kati ya mashina, si shina lenyewe.

24 Mei 2024. Mama mkwe na idadi ya maganda

Nilipokuwa na data mkononi nikajaribu pia idadi ya maganda kwa kila shina. Mteremko: 0.12. Karibu si kitu.

Mama mkwe alikuwa amekuja kuchukua majani ya karanga kwa ajili ya mbuzi. Nikamwonyesha shina moja nililolihifadhi kwa fahari, maganda 61, kubwa kuliko yote.

"Mama, hili ndilo nitalifanya mbegu."

Akaligeuza. "Mkwe, lilikuwa wapi?"

Nikamwonyesha. Pembeni kulikuwa na mashimo mawili ambayo hayakuota.

"Hilo usilichukue. Limekula peke yake."

Yeye huchagua mbegu kwa kufunga uzi mwekundu kwenye shina lingali shambani, na hafungi kamwe kwenye shina lililopakana na pengo wala la pembezoni. Maganda mengi yanakuja kwa nafasi, na nafasi haimo kwenye mbegu. Uzito wa punje hautikiswi sana na pengo, ndiyo maana mteremko wake ni mkubwa zaidi. Nimerudi kwenye daftari nikafuta mashina yote yaliyopakana na mapengo: mteremko wa maganda ukapanda hadi 0.21. Mbegu ni zile zile. Nimepunguza kelele tu.

15 Juni 2024. Kuchagua, pamoja na kundi la kulinganisha

Huu ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa, kwa hiyo nimepanda kwa kuchelewa na kwa haraka. Nimepanda vitalu vya aina mbili bondeni.

La kwanza: kuchagua. Mavuno ya Mei yalikuwa na wastani wa gramu 0.44 kwa shina. Nimechukua mashina 20 ya juu kabisa, wastani wao 0.54. Tofauti ya uchaguzi ni 0.10. Pembeni, vikiwa vimechanganyika kwa kofia, nimepanda punje zilizotolewa kwenye kila shina bila kuchagua. Nusura niliache kundi hili la kulinganisha, maji ni ya kuteka kwa keni na mgongo una kikomo.

La pili: nimechukua ukoo namba 17, wenye punje kubwa kuliko zote. Watoto wake kumi wote ni wa shina moja lililojichavusha, na mchanganyiko huu umejichavusha miaka na miaka, kwa hiyo nawahesabu kuwa wamefanana kiurithi. Hata hivyo uzito wao haukulingana: mmoja 0.59, mwingine 0.47. Nimepanda watoto wa hawa wawili tu, 40 kwa 40.

Kukodi pampu siku tatu Sh 30,000 baada ya mgongo kukataa.

3 Novemba 2024. Matokeo mawili

Kundi lililochaguliwa: gramu 0.45. Kama nisingepanda la kulinganisha ningelia, maana msimu uliopita shamba zima bila kuchaguliwa lilikuwa 0.44. Jasho lote hilo kwa 0.01! Lakini kundi lisilochaguliwa, kwenye kitalu kile kile, maji yale yale, lilikuwa 0.39. Bondeni kulikuwa na kiangazi na keni. Punje zote zilishuka. Faida ya kweli ni 0.45 kutoa 0.39, yaani 0.06. Gawanya kwa 0.10 ya uchaguzi: 0.6. Njia tofauti kabisa na ile ya mteremko, na jibu limeangukia ndani ya kosa la makadirio. Siku hiyo nilinunua soda kwa watoto wote wa mtaa.

Sasa ukoo namba 17. Watoto wa shina la 0.59: wastani 0.48. Watoto wa shina la 0.47: wastani 0.48. Nimepima mara mbili, betri mpya. Sifuri.

Jambo hili alilionyesha Mdenishi Wilhelm Johannsen mwaka 1903 kwa maharage, koo 19, kila moja imetokana na harage moja. Kuchagua kati ya koo kulizaa matunda. Kuchagua ndani ya ukoo mmoja hakukubadili kitu. Yeye ndiye aliyeleta baadaye, mwaka 1909, neno jeni. Nilikuwa nimelisoma, lakini kulisoma si kulipima.

Linalonikalia kichwani ni hili. Ukoo 17 una punje kubwa, kila mahali nilikoupanda unawazidi wenzake, na ukubwa huo umo kwenye mbegu bila ubishi. Lakini urithikaji ndani yake ni sifuri, kwa sababu hakuna tofauti ya urithi iliyobaki kati ya ndugu. Tofauti yao yote ni ya shimo na keni. Kwa hiyo sifuri haina maana kwamba "mbegu haihusiki". Yule jirani wa semina angesoma sifuri hii angesema tununue mbolea tu.

Na kuna faida ya ziada niliyoiona nikiwa tayari nimefunga daftari. Nilikuwa na hofu kwamba mbegu kubwa huota na nguvu zaidi, halafu mche wenye nguvu huzaa punje kubwa, na mteremko wangu ukawa umevimba kwa sababu hiyo tu. Ukoo 17 umelijibu hilo: mbegu kubwa na ndogo za damu moja zimezaa sawa. Si uthibitisho wa koo zote, lakini hofu imepungua.

18 Januari 2025. Mashamba mawili

Koo 20, kila moja punje 20: kumi nimepanda hapa Mtama kwenye mchanga wangu wenye mapengo ya rutuba, kumi amepanda shemeji yangu Nachingwea kwenye shamba la udongo mwekundu lililolimwa kwa trekta, sawasawa kama meza. Nauli na chakula Sh 22,000. Trekta ni lake.

29 Mei 2025. Namba inahama

Safari hii sikuhitaji mama. Ndugu wa ukoo mmoja wakitofautiana, ni mazingira. Koo zikitofautiana kwa wastani, ni urithi (ukiondoa kelele ya ndugu iliyosalia ndani ya wastani wao). Nimegawa mtawanyiko hivyo.

Nachingwea: 0.62. Mtama: 0.36.

Mbegu ni zile zile, kutoka bahasha zile zile. Koo zimetofautiana karibu sawa pande zote mbili. Kilichobadilika ni namba ya chini ya mstari wa kugawanya, yaani jumla ya tofauti zote: mchanga wangu umewatofautisha ndugu kupita kiasi, na sehemu ya urithi ikaonekana ndogo. Nikisawazisha shamba langu kwa samadi, "urithikaji wa karanga" utapanda bila karanga kujua.

Wastani wa Nachingwea ulikuwa gramu 0.52, wangu 0.43. Shemeji amepiga simu: "Umeona mbegu ya Nachingwea hiyo!" Nimemkumbusha kwamba mbegu nilimpelekea mimi, kwenye bahasha za kaki, na mwandiko wangu umo juu. Hakuna hata gramu moja ya pengo hilo inayotokana na mbegu, ingawa ndani ya shamba lake tofauti nyingi ni za mbegu. Mmarekani Richard Lewontin aliliweka wazi mwaka 1970 kwa mfano wa mbegu za kundi moja zilizopandwa kwenye mazingira mawili tofauti. Urithikaji mkubwa ndani ya kila kundi hausemi lolote juu ya pengo kati ya makundi. Watu wanaolinganisha vijiji, au makabila, kwa namba ya aina hii, waje niwaitie shemeji.

2 Juni 2025. Mahesabu

Mbegu 7,000, mizani 28,000, betri 4,500, vibarua 35,000, bahasha 10,000, pampu 30,000, safari ya Nachingwea 22,000. Jumla Sh 136,500, bila soda.

Ningeanza upya leo, ningeruka msimu wa kwanza na wa pili: ningechukua mashina 60 shambani kwa mtu, punje 20 kila moja, na kuingia moja kwa moja kwenye koo. Ingekuwa mwaka mmoja na nusu badala ya miwili na nusu.

Ukoo 17 nimebaki nao kilo nne, kwenye dumu lililofungwa kwa nta. Nusu kilo amechukua mama mkwe. Amesema punje ni nzuri ila maganda machache, ataupanda mstari mmoja kando ya wake, aone.